Rekodi za watu wawili za Ella Fitzgerald

Rekodi za watu wawili za Ella Fitzgerald ni albamu na nyimbo ambazo mwimbaji wa jazi wa Marekani Ella Fitzgerald (25 Aprili 1917 – 15 Juni 1996) aliziimba akiwa na mpiga ala mmoja tu, bila bendi wala okestra. Alizirekodi katika vipindi mbalimbali kati ya mwaka 1950 na miaka ya 1980, kwa kampuni za Decca, Verve na Pablo. Walioshirikiana naye zaidi katika kazi hizo ni wapiga piano Ellis Larkins, Paul Smith na Oscar Peterson, pamoja na mpiga gitaa Joe Pass.

Fitzgerald anafahamika zaidi kwa kuimba mbele ya bendi kubwa, kwa mtindo wa skati (kuimba silabi zisizo na maana, kana kwamba sauti ni tarumbeta) na kwa mfululizo wa albamu za Song Book. Hata hivyo, wahakiki wengi wa jazi huzihesabu rekodi za watu wawili miongoni mwa kazi zake bora. Rekodi hizo zina nafasi ya pekee katika mjadala uliomwandama kwa miaka mingi: je, mwimbaji mwenye ufundi mkubwa kiasi hicho aliweza pia kuibeba huzuni iliyomo katika maneno aliyoyaimba?

## Usuli

Ella Jane Fitzgerald alizaliwa mjini Newport News, jimbo la Virginia, akalelewa Yonkers, karibu na jiji la New York. Mama yake alifariki mwaka 1932. Baada ya hapo maisha ya binti huyo yalivurugika: aliacha shule, akapelekwa katika shule ya serikali ya kurekebisha tabia za wasichana huko Hudson, na baadaye akaishi bila makao ya kudumu katika mitaa ya Harlem.

Tarehe 21 Novemba 1934 alishiriki mashindano ya wasanii chipukizi katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Alikuwa amekusudia kucheza dansi, lakini alipowaona wachezaji waliomtangulia aliamua kuimba, naye akashinda. Mwaka uliofuata alijiunga na bendi ya mpiga ngoma Chick Webb. Wimbo wao "A-Tisket, A-Tasket" wa mwaka 1938 ulipendwa kote Marekani. Webb alipofariki mwaka 1939, bendi iliendelea kwa jina la Fitzgerald hadi mwaka 1942.

Katika miaka ya 1940 alijifunza mtindo mpya wa bebop akiwa ziarani na bendi ya Dizzy Gillespie. Rekodi zake za skati, hasa "Flying Home" na "Oh, Lady Be Good", zilimpa sifa ya kuimba kama mpiga saksofoni. Wakati huohuo kampuni ya Decca ilikuwa ikimpa nyimbo nyingi nyepesi za kufurahisha, zilizokusudiwa kuuzwa haraka. Kufikia mwaka 1950 watu wengi walimjua kama mwimbaji wa furaha na wa mdundo. Wachache walikuwa wamemsikia akiimba polepole, kwa utulivu, wimbo mzito wa mapenzi tangu mwanzo hadi mwisho bila bendi nyuma yake.

## Muundo wa watu wawili

Katika bendi ya kawaida ya jazi, ngoma na besi hushikilia mdundo, na piano au gitaa hutoa mpangilio wa sauti ambao mwimbaji huuegemea. Wakibaki watu wawili tu, kazi hizo zote zinagawanywa kati yao. Mpiga piano au gitaa hulazimika kuwa besi, mdundo na okestra kwa pamoja. Naye mwimbaji hulazimika kuushika mdundo akilini mwake na kuipata kila noti bila msaada mkubwa.

Muundo huu una faida zake. Wasanii wawili wanaweza kupunguza au kuongeza kasi katikati ya mstari bila kuwavuruga wengine. Mwimbaji anaweza kushusha sauti hadi iwe karibu na mazungumzo. Anaweza pia kuimba beti ya utangulizi. Nyimbo nyingi zilizotungwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza ya Broadway zilikuwa na beti ya namna hiyo, inayoeleza hali ya mhusika kabla ya sehemu kuu ya wimbo, lakini bendi za dansi ziliiacha kwa sababu haikufaa kuchezwa.

Hasara yake ni kwamba hakuna pa kujificha. Pumzi isiyotosha, noti iliyokosewa kidogo au neno lililotamkwa bila kufikiriwa husikika mara moja. Kwa sababu hiyo wahakiki huuona muundo huu kuwa kipimo kikali cha mwimbaji wa jazi.

## Pamoja na Ellis Larkins (1950 na 1954)

Ellis Larkins (1923–2002) alizaliwa Baltimore, akasomea muziki katika chuo cha Peabody na baadaye Juilliard mjini New York. Alijulikana kwa mguso mwepesi wa piano, kwa kupiga noti chache zilizochaguliwa vizuri na kwa kutompita mwimbaji kamwe.

Mwezi wa Septemba 1950 yeye na Fitzgerald walirekodi nyimbo nane zenye muziki wa George Gershwin. Decca ilizitoa katika santuri ya inchi kumi yenye jina *Ella Sings Gershwin*. Wakati huo santuri ndefu ilikuwa bado kitu kipya, kwani ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Ilimruhusu msikilizaji kusikia nyimbo kadhaa za mtunzi mmoja mfululizo, badala ya wimbo mmoja wa dakika tatu kila upande.

Katika rekodi hiyo Fitzgerald haimbi skati. Anaufuata muziki wa mtunzi kwa karibu, na mabadiliko anayoyafanya ni madogo: noti inayocheleweshwa kidogo, neno linaloshikiliwa, au mstari unaomalizika kwa kushuka badala ya kupanda. "Someone to Watch Over Me" inaanza na beti yake ya utangulizi, piano ikisubiri kila kituo cha mwimbaji. Larkins hujibu mwishoni mwa mistari kwa vipande vifupi, kisha hunyamaza.

Mwezi wa Machi 1954 walirudi studio na kurekodi nyimbo nyingine kumi na mbili za watunzi mbalimbali, zilizotoka kwa jina *Songs in a Mellow Mood*. Miongoni mwake zimo "Stardust", "Imagination" na "Makin' Whoopee". Vipindi hivyo viwili vilisimamiwa na mtayarishaji wa Decca, Milt Gabler. Mwaka 1994 nyimbo zote ishirini ziliunganishwa katika diski moja iliyoitwa *Pure Ella*, na kizazi kipya cha wahakiki kikapata nafasi ya kuzisikiliza pamoja.

Wanahistoria wa jazi huiona *Ella Sings Gershwin* kama mtangulizi wa albamu za Song Book. Wazo la kumheshimu mtunzi mmoja kwa albamu nzima lilikuwa tayari limejaribiwa hapo, miaka sita kabla ya kutoka kwa *Ella Fitzgerald Sings the Cole Porter Song Book* mwaka 1956.

## Nyimbo za watu wawili ndani ya Song Book

Norman Granz, mwandaaji wa maonyesho ya Jazz at the Philharmonic, alichukua usimamizi wa kazi ya Fitzgerald katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1956 alimhamisha kutoka Decca hadi kampuni yake mpya, Verve. Albamu za Song Book zilizofuata, hadi mwaka 1964, nyingi zilitumia okestra kubwa zilizoongozwa na wapangaji muziki kama Buddy Bregman, Nelson Riddle na Billy May.

Lakini ndani ya kazi hizo kubwa zimefichwa nyimbo chache zisizo na okestra. Katika *Ella Fitzgerald Sings the Duke Ellington Song Book*, nyimbo "Solitude", "Azure" na "In a Sentimental Mood" zinaimbwa kwa gitaa la Barney Kessel peke yake. "Lush Life", wimbo mgumu wa Billy Strayhorn, unaimbwa kwa piano ya Oscar Peterson pekee. Msikilizaji anayetoka kwenye ala nyingi za bendi ya Ellington na kufika kwenye nyimbo hizi husikia tofauti mara moja: sauti inasogea mbele, na maneno yanasikika kama siri anayoambiwa mtu mmoja.

## Pamoja na Paul Smith (1960)

Mwaka 1960 Fitzgerald aliigiza katika filamu *Let No Man Write My Epitaph*, akiwa mwimbaji aliyenaswa na dawa za kulevya. Mwaka huohuo Verve ilitoa albamu yenye jina hilo, ambamo aliimba nyimbo kumi na tatu akisindikizwa na piano ya Paul Smith. Baadaye albamu hiyo ilitolewa upya katika diski kwa jina *The Intimate Ella*.

Kipindi hicho kilifuata kwa muda mfupi onyesho lake la Berlin la mwezi wa Februari 1960. Huko alisahau maneno ya "Mack the Knife" jukwaani, akatunga mengine papo hapo huku akiendelea kuimba. Rekodi ya onyesho hilo ilipata tuzo za Grammy na ikaimarisha picha yake ya mwimbaji mcheshi asiyeshindwa na lolote. Albamu aliyoifanya na Smith ni kinyume chake kabisa. Karibu nyimbo zote ni za polepole, na nyingi zinahusu kuachwa, upweke na usiku mrefu, kama vile "Black Coffee", "Angel Eyes" na "One for My Baby".

Albamu hii haikupewa nafasi kubwa ilipotoka, kwani ilionekana kuwa sehemu ya matangazo ya filamu. Ilipotolewa upya miaka thelathini baadaye, ilianza kutajwa mara kwa mara katika orodha za rekodi zake zinazofaa kusikilizwa kwanza.

## Pamoja na Louis Armstrong

Aina nyingine ya rekodi za watu wawili ni zile ambazo waimbaji wawili hupokezana, huku wakisindikizwa na bendi. Katika miaka ya 1940 Fitzgerald alirekodi kwa njia hiyo na kundi la The Ink Spots, na Louis Jordan na pia na Louis Armstrong.

Albamu maarufu zaidi ya aina hii ni *Ella and Louis*, iliyorekodiwa Agosti 1956 na Armstrong, wakisindikizwa na Oscar Peterson, Herb Ellis, Ray Brown na Buddy Rich. Ilifuatwa na *Ella and Louis Again* na *Porgy and Bess*, zote zilizorekodiwa mwaka 1957. Wahakiki husifu jinsi sauti mbili zisizofanana, moja laini na nyingine ya kukwaruza, zinavyopatana bila yoyote kuizidi nyingine. Hata hivyo, kwa kuwa zina bendi, kwa kawaida hazihesabiwi pamoja na rekodi za sauti na ala moja.

## Pamoja na Joe Pass (1973–1986)

Granz aliiuza Verve mwishoni mwa mwaka 1960. Mwaka 1973 alianzisha kampuni nyingine, Pablo, ambayo jina lake linatokana na mchoraji Pablo Picasso. Fitzgerald alikuwa mmoja wa wasanii wake wakuu. Mwezi wa Julai mwaka huo aliimba katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York wakati wa tamasha la Newport. Katika onyesho hilo alikutana tena jukwaani na Ellis Larkins, na mpiga gitaa Joe Pass alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza.

Joe Pass (1929–1994) alizaliwa New Brunswick, jimbo la New Jersey. Alipoteza miaka mingi ya ujana wake kwa heroini, kisha akapona katika kituo cha Synanon huko California, alikorekodi albamu ya kwanza iliyomtambulisha, *Sounds of Synanon*, mwaka 1962. Rekodi yake *Virtuoso* iliyofanywa mwaka 1973 ilionyesha namna alivyoweza kupiga sauti za chini, mpangilio wa kati na melodia kwa wakati mmoja kwenye gitaa moja.

Mwezi wa Agosti 1973 wawili hao walirekodi *Take Love Easy*, yenye nyimbo tisa. Fitzgerald alikuwa na miaka 56. Alikuwa ameshasumbuliwa na macho, na sauti yake haikuwa tena na wepesi wa miaka ya 1950. Ilikuwa nzito zaidi katika noti za chini, na mtetemo wake ulikuwa mpana. Gitaa lilimfaa kwa sababu sauti yake hufifia haraka baada ya kupigwa na kuacha nafasi tupu kati ya noti. Mwimbaji hahitaji kupaza sauti ili asikike.

Albamu ya pili, *Fitzgerald and Pass... Again*, ilirekodiwa mwanzoni mwa mwaka 1976. Ina nyimbo kumi na nne, kuanzia "Solitude" hadi "Tennessee Waltz", na ndani yake "One Note Samba" inaimbwa kwa silabi bila maneno. Albamu hii ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi upana wa uwezo wake katika muundo huu: nyimbo za polepole, bluzi, samba na swingi, zote kwa sauti moja na gitaa moja.

Baadaye walirekodi *Speak Love* (1983) na *Easy Living*, iliyotolewa mwaka 1986. Katika maonyesho ya miaka hiyo ilikuwa kawaida bendi kupumzika na wawili hao kubaki peke yao jukwaani kwa nyimbo kadhaa.

## Pamoja na Oscar Peterson (1975)

*Ella and Oscar* ilirekodiwa Mei 1975. Katika sehemu yake ya kwanza Fitzgerald anaimba na piano ya Peterson peke yake. Katika sehemu ya pili anajiunga nao mpiga besi Ray Brown, aliyewahi kuwa mume wa Fitzgerald kati ya mwaka 1947 na 1953.

Peterson, mzaliwa wa Montreal nchini Kanada, alikuwa kinyume cha Larkins. Alipiga noti nyingi, kwa kasi na nguvu. Kwa hiyo albamu hii inasikika zaidi kama majibizano ya watu wawili wenye uwezo sawa kuliko usindikizaji.

## Nyimbo zilizorekodiwa zaidi ya mara moja

Baadhi ya nyimbo zilirudiwa katika muundo huuhuu baada ya miaka mingi. Zinamsaidia mwanafunzi wa muziki kusikia jinsi mwimbaji mmoja alivyobadilika:

- "How Long Has This Been Going On?": na Larkins (1950) na Peterson (1975)
- "Solitude": na Kessel (1956) na Pass (1976)
- "Lush Life": na Peterson (1957) na Pass (1973)

Katika matoleo ya awali sauti ni safi, na melodia inafuatwa kwa uaminifu. Katika matoleo ya baadaye Fitzgerald huachia nafasi zaidi kati ya mistari, hubadilisha melodia kwa uhuru, na mara nyingine huacha noti ikwaruze bila kuirekebisha. Wasikilizaji hutofautiana kuhusu toleo lililo bora. Wanaothamini uzuri wa sauti huchagua la kwanza; wanaothamini uzoefu wa maisha mara nyingi huchagua la pili.

## Mapokezi ya wahakiki

Sifa zinazorudiwa mara nyingi zaidi kumhusu Fitzgerald ni usafi wa sauti, matamshi yanayosikika neno kwa neno, usahihi wa noti na hisia ya mdundo. Mhakiki Henry Pleasants, aliyetoka katika ulimwengu wa muziki wa kiklasiki wa Ulaya, alimpa sura nzima katika kitabu chake *The Great American Popular Singers* cha mwaka 1974, akaisifu sauti yake na sikio lake kwa viwango ambavyo kwa kawaida vilitumika kwa waimbaji wa opera. Ira Gershwin, aliyeandika maneno ya nyimbo nyingi za kaka na mdogo hao wawili, alieleza kwamba hakujua nyimbo zao zilikuwa nzuri kiasi gani mpaka alipomsikia Fitzgerald akiziimba.

Fitzgerald alipofariki mwaka 1996, Frank Rich wa gazeti la *The New York Times* aligusia upande mwingine wa kazi yake. Alionyesha kwamba mwanamke mweusi ndiye aliyezifikisha kwa umma wa Marekani, ambao wengi wao walikuwa Wakristo weupe, nyimbo zilizotungwa mara nyingi na Wayahudi wa familia za wahamiaji. Maoni hayo yalihusu albamu za Song Book, lakini kazi hiyo ilianzia kwenye nyimbo nane alizoimba na Larkins.

Kuhusu rekodi za watu wawili zenyewe, wahakiki husifu zaidi mambo matatu:

- uwezo wa Fitzgerald wa kushika mdundo bila ngoma, kiasi kwamba hata wimbo wa polepole una mwendo;
- usikivu kati ya wasanii wawili, hasa katika rekodi za Larkins, ambapo hakuna anayejaribu kung'aa kuliko mwenzake;
- kuonekana kwa upande wake wa utulivu, ambao bendi kubwa na skati mara nyingi viliufunika.

Si rekodi zote zilizosifiwa sawasawa. Albamu za miaka ya 1980 hupewa alama za chini kwa sababu sauti ilikuwa imechoka, ingawa mdundo na ubunifu havikumwacha.

## Mjadala kuhusu hisia

Lawama kubwa dhidi ya Fitzgerald ilikuwa kwamba aliimba kwa ufundi kuliko kwa moyo. Alilinganishwa mara kwa mara na Billie Holiday, aliyekuwa na sauti ndogo na upana mfupi wa noti, lakini ambaye wasikilizaji waliona kila neno lake limetoka katika maisha yake mwenyewe. Katika ulinganisho huo Fitzgerald alionekana mwenye furaha mno asiyeweza kuimba bluzi, muziki wa uchungu uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa kusini.

Lawama hiyo ilijengwa kwa kiasi fulani juu ya kutojua. Holiday alieleza mateso yake hadharani, na umma ukazisikiliza nyimbo zake kupitia habari hizo. Fitzgerald alikuwa msiri. Hakupenda kuzungumzia kifo cha mama yake, shule ya kurekebisha tabia wala miezi aliyolala bila makao. Undani wa maisha yake katika shule ya Hudson ulifahamika kwa umma mpana katika miaka ya 1990, na wasifu ulioandikwa na Judith Tick, *Becoming Ella Fitzgerald* (2023), umeendelea kuchunguza jinsi wahakiki wa zamani walivyomwelewa vibaya.

Rekodi za watu wawili ndizo zinazotajwa zaidi kama jibu la kimuziki kwa lawama hiyo. Wanaomtetea huelekeza kwenye "Angel Eyes" ya mwaka 1960 au "Lush Life" ya mwaka 1973 na kusema kwamba huzuni imo, ila haipigiwi kelele. Fitzgerald hakulia ndani ya wimbo. Aliyatamka maneno kwa uwazi, akaiacha melodia ifanye kazi yake, na msikilizaji akabaki kuamua kiasi cha uchungu uliomo. Wanaompinga hujibu kwamba hata hapo anabaki na umbali fulani kutoka kwa mhusika wa wimbo. Mjadala huo haujafungwa, lakini tangu rekodi hizo zitolewe upya hakuna anayeweza kuuendesha kwa kutaja "A-Tisket, A-Tasket" na skati peke yake.

## Tuzo

Fitzgerald alipata tuzo 13 za Grammy, kuanzia sherehe ya kwanza kabisa iliyohusu rekodi za mwaka 1958. *Fitzgerald and Pass... Again* ilipata Grammy ya uimbaji wa jazi katika sherehe ya mwaka 1977. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tuzo maalumu ya uimbaji wa jazi kutolewa, na ilikwenda kwa albamu ya sauti moja na gitaa moja.

Mwaka 1987 alipewa nishani ya taifa ya sanaa, na mwaka 1992 nishani ya rais ya uhuru, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa kwa raia nchini Marekani. Alifariki nyumbani kwake Beverly Hills, California, baada ya miaka mingi ya kuugua kisukari.

## Athari

Rekodi za Fitzgerald na Larkins zilionyesha mapema kwamba albamu nzima inaweza kusimama juu ya sauti na ala moja. Baadaye muundo huo ukawa sehemu ya kawaida ya jazi. Jeanne Lee na mpiga piano Ran Blake waliutumia kwa mtindo wa majaribio katika *The Newest Sound Around*, iliyotoka mwaka 1962, na Sheila Jordan akauendeleza kwa kuimba na besi peke yake. Tony Bennett alirekodi na mpiga piano Bill Evans mwaka 1975. Cécile McLorin Salvant na mpiga piano Sullivan Fortner walitoa *The Window* mwaka 2018, ikapata Grammy ya albamu bora ya uimbaji wa jazi.

## Orodha ya albamu

- 1950: *Ella Sings Gershwin* – Ellis Larkins, piano (Decca)
- 1954: *Songs in a Mellow Mood* – Ellis Larkins, piano (Decca)
- 1960: *Let No Man Write My Epitaph*, baadaye *The Intimate Ella* – Paul Smith, piano (Verve)
- 1973: *Take Love Easy* – Joe Pass, gitaa (Pablo)
- 1975: *Ella and Oscar* – Oscar Peterson, piano, Ray Brown, besi, katika sehemu ya pili (Pablo)
- 1976: *Fitzgerald and Pass... Again* – Joe Pass, gitaa (Pablo)
- 1983: *Speak Love* – Joe Pass, gitaa (Pablo)
- 1986: *Easy Living* – Joe Pass, gitaa (Pablo)
- 1994: *Pure Ella* – mkusanyiko wa rekodi za 1950 na 1954